Jinsi ya kuchagua rejeta za maji moto kwa chumba cha chini ya ardhi

Ingia hadiwea yoyote mjini Nakuru uulizie rejeta ya kupasha chumba joto, utaulizwa ni ya gari gani. Siku moja kijana wa kaunta alinitoa hadi mlangoni akanionyesha kwa kidole duka la speya lililo ng'ambo ya barabara. Simlaumu. Nyumba nyingi za huku kwetu hazina mfumo wowote wa kupasha joto. Baridi ikizidi, mtu anaongeza sweta na chai.

Lakini siku hizi watu wanajenga kwenye miteremko. Molo, Elburgon, hata huku Milimani chini ya Menengai, mwenye ploti anachimba upande mmoja wa kilima na kupata chumba cha ziada chini ya sebule. Kuta tatu zimezikwa kwenye udongo, ya nne ina mlango na dirisha. Chumba kizuri cha mgeni, cha kusomea, au cha mama mzazi asiyeweza kupanda ngazi. Kisha Julai inafika, chumba kinakuwa pango, na mtu anaingiza jiko la makaa na kufunga dirisha.

Hilo usilifanye kabisa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha chini ndicho chenye hewa finyu kuliko vyote nyumbani. Ukitaka joto mle, moto ubaki nje na joto lipelekwe ndani kwa maji. Hapo ndipo rejeta zinapoingia: vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji moto na kutoa joto chumbani.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa Molo, kwa mwalimu mstaafu. Nilipiga hesabu ya chumba vizuri, nikapata kinahitaji wati 1,350 hivi. Nikapata rejeta iliyobandikwa karatasi ya wati 1,400, nikaifunga, nikapokea pesa zangu. Wiki mbili baadaye simu ikaingia saa tatu usiku. "Fundi, rejeta ni moto, lakini mimi bado nimevaa koti." Nilipofika, kipimajoto kilisoma 17. Rejeta ilikuwa nzima, na maji yalikuwa yanazunguka sawasawa. Kosa lilikuwa langu: niliamini karatasi bila kuuliza namba yake ilipimwa kwa maji ya joto gani. Nitalifikia hilo, maana ndilo lililonifanya niandike.

Hatua ya kwanza: kijue chumba kabla hujajua rejeta

Nunua kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Kiweke katikati ya chumba, mbali na dirisha, usome alfajiri na usiku kwa siku tatu au nne za baridi. Kiweke nje pia usiku, mahali pasipo na mwanga wa moto. Kwa mwalimu nilipata digrii 7 nje alfajiri, na 14 ndani ya chumba kitupu, mchana kutwa usiku kucha, karibu bila kubadilika.

Hiyo 14 ni ya udongo. Sisi tuko kwenye ikweta, hatuna majira ya joto kali na ya theluji, kwa hiyo udongo ukishuka mita moja au mbili hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka wa mahali hapo. Kuta zilizozikwa hazijui Julai wala Januari. Molo iko mita 2,500 hivi juu ya bahari, na udongo wake ni baridi kuliko wa Nakuru mjini kwenye mita 1,850. Ukiteremka hadi Kisumu, sahau makala hii, nunua feni.

Kagua na unyevu. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa ukuta, maji yanapenya kutoka udongoni, na hakuna rejeta itakayokausha kilima. Shughulikia mfereji wa nje na plasta ya kuzuia maji kwanza. Kikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji kwenye ukuta baridi, na huo joto litausaidia sana.

Hatua ya pili: joto linapotelea wapi

Hesabu yake haizidi ile ya darasa la nane. Kila sehemu ya chumba: eneo kwa mita za mraba, mara namba ya upotevu ya sehemu hiyo (wati zinazopotea kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii), mara tofauti ya joto kati ya ndani na upande wa pili. Namba ninazotumia ni hizi, kwa makadirio ya fundi: ukuta wa mawe ya kukatwa uliopigwa plasta, 2.5; kioo cha kawaida, 5.5; ukuta uliozikwa, 1; sakafu ya zege juu ya udongo, 0.7.

Chumba cha mwalimu kilikuwa mita 5 kwa 4, dari mita 2.5. Tulitaka digrii 20 ndani.

Ukuta wa nje, baada ya kutoa mlango na dirisha, ulibaki mita za mraba 8.8. Tofauti ya 20 na 7 ni 13. Kwa hiyo 8.8 mara 2.5 mara 13, wati 286. Dirisha na mlango pamoja mita za mraba 3.7; mlango wa mbao hupoteza kidogo kuliko kioo lakini nauhesabu kama kioo, maana fremu za milango yetu zinapitisha upepo: wati 265. Kuta tatu za udongoni mita za mraba 32.5, na tofauti ni 6 tu, yaani 20 kutoa 14: wati 195. Sakafu, wati 84. Hewa inayoingia na kutoka: chumba kina mita za ujazo 50, chukulia inabadilika mara moja kwa saa, zidisha na 0.33 (namba ya joto linalobebwa na hewa) na tofauti ya 13, upate wati 215. Dari sikuihesabu kwa sababu juu yake ni sebule yenye joto.

Jumla ni wati 1,045. Tazama vizuri: mita 8.8 za ukuta ulioachwa wazi zinakula joto kuliko mita 32.5 zilizozikwa. Watu hudhani baridi ya chumba cha chini inatoka kwenye udongo. Kwa kiasi kikubwa inatoka upande wa mlango. Mpira wa kuziba mlango na pazia zito ni vya bei nafuu ukilinganisha na rejeta, na vinaweza kukupunguzia ukubwa wa rejeta unayohitaji.

Niliongeza asilimia 30 hivi kwa sababu mawe ni mazito, na mwalimu hapashi chumba kutwa, anakipasha jioni. Mawe yaliyolala baridi yanadai joto lao kwanza kabla hujahisi chochote. Ndiyo hiyo 1,350.

Hatua ya tatu: soma karatasi ya rejeta kwa jicho la pili

Hapa ndipo nilipoanguka. Wati zinazoandikwa kwenye rejeta za Ulaya hupimwa maji yakiingia na digrii 75, yakitoka na 65, chumba kikiwa 20. Wastani wa maji ni 70, na tofauti kati ya maji na chumba ni 50. Sasa nyumbani kwako ni nani anayepeleka maji ya 75? Mwalimu ana boila ya kuni kwenye kibanda cha nje, usawa wa jikoni, inayopasha tangi la lita 300. Jioni tangi linatoa maji ya 60, yanarudi na 50. Wastani 55, chumba 20, tofauti 35 tu.

Rejeta haipungui nguvu kwa uwiano wa moja kwa moja. Inapungua haraka zaidi. Tofauti ikiwa 40, unapata 0.75 ya namba iliyoandikwa. Ikiwa 35, 0.63. Ikiwa 30, 0.51. Ikiwa 25, 0.41. Na kwa maji ya sola ya paa yanayoingia na 45 na kutoka na 40, unabaki na 0.35, theluthi moja na kidogo.

Rejeta yangu ya wati 1,400 ilikuwa inatoa 880. Mwalimu hakuwa na haja ya koti; alikuwa na haja ya fundi anayejua kugawanya. Hesabu sahihi ni kuchukua 1,350 ugawanye kwa 0.63, upate wati 2,140 za kwenye karatasi. Hicho ndicho cha kutafuta dukani.

Kuna jambo jingine kwa wenye tangi. Kuni zikizima, lita 300 zikipoa kutoka 60 hadi 45 hutoa nishati ya kilowati-saa 5 hivi, za kukushikilia saa tano kwa chumba kama hiki. Lakini kadiri tangi linavyopoa ndivyo rejeta inavyolegea. Ndiyo maana siishii kwenye 2,140. Naenda 2,400. Saa nne usiku tangi likiwa limeshuka hadi 50 na tofauti imebaki 25, rejeta za 2,400 bado hutoa wati 980, karibu sawa na zile 1,045 za kukishikilia chumba kilichokwisha pata moto.

Kishawishi kitakuwa kuchochea moto ili maji yapande hadi 85 au 90. Kumbuka uko juu ya mlima. Maji ya Molo huchemka kwenye digrii 92 hivi, ya Nakuru 94, si 100. Ukicheza na 85 huna nafasi ya makosa. Rejeta kubwa na maji yasiyo moto sana ni salama zaidi, na hatari ya kumuunguza mtoto anayeiegemea hupungua.

Hatua ya nne: chuma gani

Rejeta za bapa za chuma huitwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni idadi ya mabapa ya maji, ya pili idadi ya mapezi ya bati yaliyokunjwa katikati. Kwa kimo cha sentimita 60 na urefu wa mita 1, aina ya 11 hutoa takriban wati 1,000 za karatasi, aina ya 21 takriban 1,300, aina ya 22 takriban 1,700, na aina ya 33 takriban 2,300. Kwa chumba cha chini napenda 22. Aina ya 33 ni nene, inakula nafasi, na vumbi likijaa kwenye mapezi hakuna mkono unaofika.

Kwa mwalimu hatimaye niliweka mbili za aina ya 22, kila moja sentimita 60 kwa 70, wati 1,200 hivi kila moja. Kwa nini mbili badala ya moja ndefu? Kwanza, baridi inaingia sehemu mbili, mlangoni na dirishani, na rejeta inafaa ikae pale baridi inapoingia. Pili, rejeta moja kubwa iliyojaa maji haipungui kilo 40, na ukuta wa zamani wa plasta ya mchanga mwingi hauaminiki. Bolti lazima zifike kwenye jiwe lenyewe. Ibakize sentimita 10 chini yake hewa baridi iingie, na usiifiche nyuma ya kochi.

Rejeta za mitumba kutoka Uingereza zinapatikana ukiulizia kwa wanaobomoa na kuagiza. Si mbaya. Ila piga bapa taratibu kwa kifundo cha kidole ukishuka kutoka juu: mlio ukibadilika kuwa mzito chini, matope yamekaa. Mimina maji ndani, uitikise, uone yanatoka rangi gani. Yakitoka na magamba ya kutu, rudisha.

Za alumini ni nyepesi na hupata moto haraka, na wauzaji wanazisifu. Mimi huuliza kwanza maji ni ya wapi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye bikaboneti ya sodiamu, na maji hayo yakipashwa moto huzidi kuwa na magadi. Alumini haipendi magadi. Pima kwa karatasi za pH. Zikisoma zaidi ya 8.5, kaa na chuma, au jaza mfumo kwa maji ya mvua. Maji haya yanazunguka yaleyale miaka, kwa hiyo mitungi michache ya mvua inatosha.

Na jua kali je? Inawezekana kabisa. Paipu nyeusi za chuma za inchi mbili, zikichomelewa kama ngazi, hutoa takriban wati 70 kwa kila mita kwenye tofauti ya 35. Kwa wati 1,350 unahitaji mita 19 au 20, yaani ngazi mbili za paipu tano za mita 2. Ni nzito na haina urembo, lakini itaishi kuliko wewe. Mwambie fundi asichomelee paipu za mabati. Moshi wa zinki unaleta homa. Ipimwe kwa pampu ya maji hadi presha ya ba 4 na iachwe usiku mzima kabla haijapakwa rangi. Rangi yoyote ya kawaida ni sawa, nyeusi au nyeupe, isipokuwa ile ya fedha inayong'aa. Rangi ya fedha huzuia joto kutoka, na ajabu ndiyo kila fundi anataka kupaka.

Hatua ya tano: chumba cha chini kiko chini ya boila

Inaonekana ni jambo dogo hadi maji yagome. Maji ya moto ni mepesi, hupanda. Tangi lako liko juu ya chumba, kwa hiyo hakuna siku maji ya moto yatashuka yenyewe kwenda kwenye rejeta. Pampu ni lazima. Ndogo inatosha: wati 1,350 kwa kupoa digrii 10 ni lita 116 kwa saa, hata lita mbili kwa dakika hazifiki.

Kipe chumba hicho njia yake, na pampu na themostati yake. Sebule ya juu inapigwa na jua mchana na themostati yake itazima mapema, wakati huko chini bado ni 14. Kama juu kuna pampu nyingine, weka vali ya njia moja mbele ya kila pampu, la sivyo moja itasukuma maji kinyumenyume kupitia rejeta za mwenzake.

Stima ikipotea pampu inasimama lakini kuni haziambiwi. Kwa boila ya kuni, mfumo uwe wazi: bomba la kupumulia lisilo na vali yoyote, linalopanda hadi kwenye tangi dogo la darini. Ongeza rejeta moja isiyo na koki, iliyo juu ya boila, ya kumeza joto lililobaki bila pampu. Niliwahi kumwona fundi akiitegemea rejeta ya chini kwa kazi hiyo. Haiwezi. Ya mwalimu ni ile ya kukaushia taulo kwenye bafu la juu, kwa paipu ya inchi moja.

Na maji ya rejeta yasichanganyike na ya kuogea. Yapitie koili, yaani paipu iliyoviringwa, ndani ya tangi.

Kuhusu paipu: PPR ya kawaida, ile nyeupe au ya kijani tunayotumia kwa kila kitu, hupitisha oksijeni kidogo kidogo kwenye kuta zake. Kwa bafu haina neno. Kwa rejeta za chuma ni kutu ya polepole. Tumia shaba, au PPR yenye tabaka la alumini katikati. Ya milimita 20 ina tundu la milimita 13 hivi, na kwa lita 116 kwa saa inatosha bila kelele. Tia dawa ya kuzuia kutu kwenye maji.

Matope ya mfumo mzima hushuka mahali pa chini kabisa, na hapo ni kwako. Kwa hiyo weka koki ya kumwagia maji kwenye sehemu ya chini ya paipu, iliyo na nafasi ya kuweka ndoo, na chujio la sumaku kabla ya pampu.

Hatua ya sita: kuwasha na kusikiliza

Jaza taratibu ukianzia chini. Fungua skrubu ya hewa juu ya rejeta kwa ule ufunguo mdogo wa mraba, robo mzunguko, kitambaa mkononi. Itafoka kama sufuria yenye kifuniko, halafu itakohoa, halafu maji yatatoka kwa uzi mmoja. Funga hapo hapo. Yakitoka meusi kama wino, mfumo haujasafishwa. Mwaga wote na ujaze upya.

Baada ya nusu saa, gusa. Juu baridi, chini moto: bado kuna hewa. Juu moto, chini katikati baridi: matope. Rejeta ya kwanza moto kabisa na ya pili vuguvugu: bana koki ya kutokea ya ile ya kwanza, robo kwa robo, hadi zilingane.

Kwa mwalimu tulianza kupasha saa kumi na moja jioni. Saa tatu kipimajoto kilisoma 20, na koti likawa limetundikwa nyuma ya mlango. Ufunguo wa hewa ameufunga kwa uzi kwenye msumari kando ya kalenda, na kila mwanzo wa Juni anautumia mwenyewe kabla hajanipigia simu.